Fimbo Ngumu ya Hollis Mabry

Bi Jewel Hasty alimpa Hollis Mabry fimbo mbili za kuvulia, moja kila mkono, kisha akaegemea kaunta ya duka lake akamtazama. Ile ya mkono wa kushoto ilikuwa ndefu, ncha yake laini kidogo, kiuno kigumu, na kitako chake kirefu cha kutosha kubanwa kwapani. Ile ya mkono wa kulia watu wa Guntersville, mji wetu ulio pale mto ulipozuiwa ukawa ziwa, wanaiita mpini wa jembe, na ukiishika huna haja ya kuuliza kwa nini. Haipindi. Ukiitikisa, inakutikisa wewe.

Ile ya kulia ilimlemea Hollis upesi. Aliishusha ile fimbo polepole, akajifanya anakagua pete za kupitishia mshipi.

"Chukua hiyo ndefu," Bi Jewel alisema. "Najua mnakokwenda Jumamosi. Kwenye magugu ya ghuba ya Sauty, au siyo? Kila mwanamume anayeingia humu mwezi wa kumi anataka mpini, eti magugu mazito. Sawa, ni mazito. Lakini mshipi wa siku hizi haunyumbuki hata kidogo, na fimbo yenyewe haipindi, sasa nani apinde? Ama mdomo wa samaki uchanike, ama bega lako. Hiyo ndefu unaibana hapa." Alijigonga ubavuni. "Unarudi nyuma hatua moja, kiuno cha fimbo kinafanya kazi, samaki anatoka. Unamvuta kwa mwili mzima, siyo kwa mkono."

Hollis aliibana fimbo ndefu kwapani kama alivyoambiwa, akageuza kiuno. Bega halikusema kitu. Kwa miezi mingi lilikuwa halijawahi kunyamaza namna ile, na alihisi raha hiyo mpaka magotini. Tangu mwezi wa nne, siku aliponyanyua tairi la basi la shule peke yake katika karakana ya wilaya anakofanya kazi, bega la kulia halikuwa lake tena. Daktari alisema kuna mishipa imekatika humo ndani, ama apasuliwe ama atulie mwaka mzima. Hollis alimwitikia daktari vizuri sana, akaenda nyumbani, akamwambia mkewe Wynelle, na hakumwambia mtu mwingine yeyote chini ya jua.

Aliyekuwa anamficha habari hiyo hasa ni Royce Tidmore, kaka yake Wynelle. Boti ni ya Royce. Kiti cha nyuma ni cha Hollis, na kimekuwa chake tangu wiki aliyomwoa Wynelle. Wanashindana wawili wawili katika klabu ya wavuvi wa besi, huyo samaki wa mdomo mpana ambaye watu wa mto huu wanamwabudu kuliko ninavyodhani inafaa kwa watu waliobatizwa. Hollis hana boti, hana ndugu wa kiume, na siyo mtu wa maneno. Nje ya boti ile hana pahali anapocheka. Na wiki mbili nyuma Royce alikuwa amesema, "Shemeji, magugu hayataki mtu wa kubembeleza. Mwaka huu unavua kama unaosha vyombo. Ukiendelea hivi mwakani nampandisha Tanner Legg." Royce akitania hucheka yeye kwanza, kabla hajamaliza. Siku hiyo hakucheka.

Kengele ya mlango wa duka ililia, na sauti ya Royce ikaingia kabla ya tumbo lake.

"Shemeji! Unamnunulia dada yangu zawadi?" Aliitazama fimbo ndefu iliyobanwa kwapani mwa Hollis. "Maana hiyo ni ya kuvulia vidagaa kwenye bwawa la shule ya Jumapili."

Nyuma yake alikuwa Tanner mwenyewe, fundi wa viyoyozi, kijana wa miaka thelathini mwenye mabega mawili mazima. Tanner alicheka, lakini alicheka akitazama sakafu.

Bi Jewel akasema, "Royce, mwache mteja wangu."

"Simgusi, Bi Jewel. Mtu mzima anajua anachotaka."

Hapo ndipo Hollis alipofanya ujinga ambao wanaume wa ziwa hili wanaufanya kila mwaka, na sijaona dawa yake. Huku kwetu fimbo ni kama jina la ukoo. Mtu ataendesha gari bovu, atavaa viatu vilivyotoboka, lakini hatakubali aonekane kwenye magugu na fimbo inayopinda. Hollis alijua kabisa fimbo ipi ni yake. Bega lilijua. Hata hivyo aliirudisha ile ndefu ukutani kwa mkono wa kushoto, akachukua mpini wa jembe.

"Nilikuwa naijaribu tu," alisema.

"Hiyo ndiyo fimbo," Royce alisema, akampiga kofi la mapenzi begani. Bega lenyewe. Hollis aliona nyota mchana kweupe, akatabasamu.

Ijumaa jioni alifunga mshipi kwenye ndoo ya mchanga uani, akajaribu kuinyanyua kwa mpini. Mara ya kwanza ndoo ilipanda. Mara ya pili ilipanda nusu, na yeye akakaa chini kwenye nyasi, jasho limemtoka. Wynelle alikuwa mlangoni na kitambaa cha kufutia sahani.

"Umeridhika?" akauliza.

"Ndoo haina uhai, Wynelle. Samaki ukimshtua anakuja mwenyewe."

"Samaki wa kwenye magugu? Mimi nimekulia kwenye boti hiyo kabla yako, usinidanganye. Anachimba chini, anajizungushia mizizi, na ukimpa nafasi ya kupumua umemkosa." Alishuka ngazi, akaketi kando yake. "Mwambie kaka yangu."

"Atampandisha Tanner."

"Huenda. Na wewe utakuwa na mkono."

"Nitakuwa na mkono wa kufanyia nini?"

Wynelle alimsogelea. Alimfungulia vifungo vya shati, akampaka dawa ya kuchua, na kila alipogusa mahali penyewe Hollis aliuma meno. Alimpenda mke wake, na alimwogopa shemeji yake, na aliona haya kwa hayo yote mawili. Walikula maharage na mkate wa mahindi, wakalala mapema.

Asubuhi ya Jumamosi maboti yalijipanga gatini kwenye ukungu. Watu walivua kofia, mchungaji akaomba, kisha katibu wa klabu, mama mmoja mfupi mwenye kipaza sauti, akasoma sheria ambazo kila mtu anazijua: samaki watano kwa kila boti, wawe hai, mwisho saa tisa alasiri. Na ile ambayo wote huisema pamoja naye kama sala: aliyemnasa ndiye amvute, mwenzake ashike wavu tu, fimbo ikibadilisha mikono samaki hahesabiki. Mto huu una mashindano makubwa ambako washindi hufungwa waya za mashine ya kupimia uongo. Klabu yao haina mashine. Ina mama yule na macho ya majirani.

Royce siku hiyo alikuwa mpole, na upole wake ulimtisha Hollis kuliko matusi. Kati ya mikate miwili ya soseji, alimpa ule mkubwa. Alimuuliza kama baridi haimsumbui. Walipofika Sauty hakukimbilia upande mzuri kama kawaida yake, alizungusha boti ili Hollis naye aipate sehemu nene ya magugu. Yeye husimama mbele na kuiendesha mota ndogo ya umeme kwa mguu, kwa hiyo wa nyuma hupata mabaki. Leo wa nyuma alikuwa anapewa nyama.

"Ananipima," Hollis alijiambia. "Anataka kuona kama nitamvuta samaki au nitashindwa."

Magugu yalikuwa yametanda kama zulia, yameoza juu rangi ya kahawia, ndege wanatembea juu yake bila kulowa. Besi hukaa chini yake kwenye kivuli. Unaangusha chambo chenye risasi nzito ya kukizamisha, kinatoboa zulia, unasikiliza kwa vidole. Akigusa, una muda wa kupepesa jicho: umnyanyue juu kwa nguvu zako zote kabla hajaupitisha mshipi nyuma ya mashina. Kazi hiyo inafanywa na bega. Kila mara Hollis alipoangusha chambo aliomba kitu kiguse, na papo hapo aliomba kisiguse.

Chambo kiliguswa saa tatu asubuhi. Hollis aliogopa kwamba atachelewa, akaipiga fimbo juu kwa hasira. Mpini haukupinda, mshipi haukunyumbuka, na ndoano ikachomoka mdomoni mwa samaki ikapita karibu na sikio la Royce ikiwa na kipande cha gugu.

Hollis alingoja kutukanwa.

"Haya," Royce alisema bila kugeuka. "Wapo wengine."

Ni hayo tu. Mtu ambaye mwaka jana alimtukana kuanzia Sauty mpaka gatini kwa sababu ya samaki wa ukubwa wa kiganja! Hollis alitaka kumwambia ukweli. Badala yake alifunga chambo kipya.

Mchana Royce alikuwa ameingiza wanne wazuri kwenye tangi la maji la boti, na Hollis mmoja mdogo ambaye hakuhitaji kuvutwa, alikuja mwenyewe kama aliyeitwa. Watano walikuwa wametimia, lakini yule mdogo alikuwa anawaangusha. Wakimpata mmoja mkubwa wa kumbadilisha, kombe la msimu lingeweza kuwa lao, kwa mara ya kwanza tangu waanze. Ilikuwa imebaki saa moja. Bega la Hollis lilikuwa limevimba ndani ya koti, na kwa muda mrefu alikuwa anaangusha chambo kwa mkono wa kushoto, amempa Royce mgongo asione.

Chambo kilitoboa zulia, kikashuka, kikasimama kabla ya kufika chini.

Hollis aliubeba mpini kwa mikono yote miwili, akavuta.

Kitu kilichokuwa chini hakikusogea. Kisha kilisogea, na kikasogea kwenda kilikotaka. Zulia lote la magugu mbele yake lilipanda na kushuka, na ndani ya bega lake kitu kikakatika kwa sauti aliyoisikia masikioni. Hapakuwa na maumivu mwanzoni. Mkono uliondoka tu, ukawa kama mkono wa koti lililotundikwa. Aliushikilia mpini kwa kushoto, lakini ule mpini haukumpa chochote, haukupinda, haukumezea, kila pigo la samaki lilimfika mzima mzima. Fimbo yenye kiuno ingemvumilia. Hii ilimkokota. Goti likagonga sakafu ya boti, kifua kikagonga ukingo, na vidole vya kushoto vikafunguka vyenyewe, vikadaka kiti ili asitumbukie.

Fimbo ilipaa nje ya boti.

Royce aliruka kutoka mbele kama hana kilo alizo nazo. Aliidaka kitakoni, nusu ya mwili wake iko nje, akaibana tumboni, akarudi nyuma hatua mbili akinguruma. Magugu yalipasuka. Samaki alitoka na bonge la majani kichwani, mdomo wazi, mdomo ambao ngumi ya mtu ingeingia. Royce alimshika taya, akambwaga ndani, akapiga kelele iliyorusha ndege wote wa ghuba.

"Pauni nane! Nane, shemeji! Ukinipunguzia nusu pauni wewe ni mchawi! Umemwona mama huyu? Umemwona?"

Alimtia tangini, akamtoa yule mdogo akamrudisha ziwani, akafunga kifuniko, akakikalia. Alikuwa anahema na kucheka. Halafu kicheko kikaisha.

Hollis alikuwa bado amepiga magoti.

"Mkono wako ulikuwa kwenye kitako cha fimbo," Royce alisema. Hakumtazama. "Nimeuona. Mimi nilikushikia kidogo tu usianguke."

Hollis alitazama huku na huku. Hapakuwa na boti nyingine ndani ya ghuba. Alichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa. Samaki angekuwa wake, kombe lingekuwa lao, na nani humtoa kwenye boti mtu aliyeleta samaki wa pauni nane? Kiti cha nyuma kilikuwa mikononi mwake wakati huo, hakuwahi kuwa nacho karibu namna ile mwaka mzima. Alikitaka. Tusimfanye malaika: alikitaka mpaka mate yakamkauka.

"Siyo?" Royce aliuliza.

"Haukuwepo," Hollis alisema.

"Ulikuwepo, bwana."

"Niliachia, Royce. Mikono yote miwili. Wa kushoto ulishika kiti, na huu wa kulia..." Alijaribu kuuinua amwonyeshe, ukaning'inia. "Huu umekufa. Unaumwa tangu mwezi wa nne."

Royce aliinuka sasa kwenye kifuniko, akageuka. Aliutazama ule mkono, akamtazama usoni, akautazama mkono tena.

"Mwezi wa nne wa mwaka huu?"

"Nilinyanyua tairi."

"Kiangazi kizima umekuwa ukinivutia nanga."

"Ndiyo."

"Mwezi wa saba tumehamisha friji la mama!"

"Ndiyo, Royce."

"Wewe ni mwendawazimu," Royce alisema. "Ni mwendawazimu kabisa, na dada yangu analala na mwendawazimu." Sauti ilikuwa inapanda, lakini haikuwa hasira peke yake. "Ondoka hapo. Unafanya nini?"

Hollis alikuwa amejikokota mpaka kwenye tangi, anahangaika na kifuniko kwa mkono mmoja. Alikifungua. Samaki alikuwa chini, kwenye kina, na mkono wa kushoto peke yake haukuweza kumkamata, alikuwa anateleza kila mara, maji yanamrukia Hollis usoni. Alijaribu na wa kulia, akatoa sauti ambayo Royce hakuwahi kuisikia kwake.

"Basi. Basi, shemeji. Niachie mimi."

Royce alipiga magoti kando yake. Alimtoa yule samaki kwa mikono miwili, taratibu, akamweka juu ya maji na kumshikilia mkiani mpaka mashavu yakaanza kufunguka na kufunga vizuri. Walimtazama wote wawili. Kisha akamwachia, naye akaingia chini ya zulia bila haraka yoyote.

Royce alikaa chini palepale, akavua kofia.

"Nilidhani umenichoka," alisema.

"Nani?"

"Wewe. Ulikuwa unavua nusunusu. Nikikutania hujibu. Nikikuita siku za kazi tujaribu maji unasema una shughuli. Nikamwambia Faye, mke wangu, Hollis amenichoka, anakuja tu kwa sababu ya Wynelle. Nikakutishia na Tanner nione kama utapigana." Alijifuta uso kwa kofia. "Hukupigana. Ukasema sawa."

"Sikuwa na la kusema."

"Tanner alikuja jana jioni. Orodha ya timu za mwakani ilikuwa inafungwa na alikuwa ameitwa na boti nyingine. Alitaka jibu palepale." Royce alikunjakunja kofia yake. "Nimempa neno langu, Hollis."

Hollis aliyasikia maneno hayo moja moja. Jana jioni. Alikuwa uani na ndoo.

"Ungeniambia lini?"

"Leo, baada ya kupima. Nilitaka uondoke na kombe. Ndiyo maana nikasema mkono ulikuwepo." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi sijawahi kumwibia mtu hata gugu kwenye mto huu. Nilitaka uondoke na kitu."

Midomo ya Hollis ilifunguka. Alitaka kusema, mrudie Tanner, mwambie umebadilisha mawazo, mwambie hukujua. Lakini alikuwa ametoka kumtupa samaki wa pauni nane kwa sababu ya vidole vilivyofunguka kwa nukta chache. Angemwambiaje mwenzake alile neno lake?

"Umempa," akasema.

"Nimempa."

"Basi."

Mbali, boti ya kwanza ilikuwa inawasha mashine kurudi gatini.

"Kama ningekwambia mwezi wa nne," Hollis aliuliza, "ungeniachia kiti?"

"Kiti gani?" Royce alimkazia macho. "Ningekuweka mbele, mjinga wewe! Mguu wako una ugonjwa? Mota inaendeshwa kwa mguu. Ungeendesha, ungenionyesha pa kuangusha, unayajua magugu haya kuliko mimi, na kazi ya kuvuta ningefanya mimi mpaka upone. Mbele, Hollis! Miaka yote hii nani amewahi kusimama mbele kwenye boti yangu?"

Hollis aligeuza uso kuelekea majini. Katika yote yaliyompata siku ile, ni hilo lililomkata maini.

Walipima samaki wanne. Katibu aliuliza wa tano yuko wapi, Royce akasema yuko nyumbani kwake, na hakuna aliyeelewa, wakawa wa saba. Hollis alisimama pembeni, mkono umening'inizwa shingoni kwa fulana aliyofungiwa na Royce. Watu walimuuliza, naye kwa mara ya kwanza akasema kweli: bega limekatika ndani, tangu mwezi wa nne. Wengine walitikisa vichwa. Mmoja akamwambia yeye mwenyewe ana goti la namna hiyo, asimwambie mtu.

Kutoa boti majini ni kazi ya watu wawili, na foleni ya Jumamosi haina subira. Royce alirudisha nyuma gari na trela mpaka magurudumu yakazama. Hollis aliingia majini mpaka magotini, akashika kamba ya puani mwa boti, akaifunga kwenye winchi, ile mashine ya mkono ya kuivutia boti juu ya trela, kama alivyofanya kila safari. Mpini wa winchi uko kulia. Ilibidi asimame vibaya, aufikie kwa kushoto, auzungushe kinyume na mazoea ya mwili wake. Boti ilisogea kidogo ikasimama.

Tanner Legg alishuka mbio, viatu na yote, akaingia majini.

"Niachie mimi, mzee Hollis."

"Tanner!" Royce alikuwa ametoa kichwa dirishani. "Ondoa mkono hapo."

"Nataka kumsaidia tu, bwana Royce. Ameumia."

"Najua ameumia. Mwakani utashika unachotaka. Leo hiyo ni boti ya Hollis."

Tanner aliinua mikono yake, akarudi nyuma, akasimama kwenye maji asijue pa kwenda. Hollis alizungusha. Mzunguko mmoja, anapumzika. Mzunguko mwingine. Nyuma kulikuwa na magari yamejipanga mpaka barabarani, na baada ya muda mtu mmoja akapiga honi, halafu akapiga tena, ndefu.

Royce alifungua mlango, akashuka, akauacha wazi. Hakwenda kusaidia. Alitembea mpaka nyuma ya trela, akasimama kati ya Hollis na ile foleni, mikono kiunoni.

"Nani ana haraka?" aliuliza.

Honi haikupigwa tena. Hollis alikuwa analia waziwazi wakati huo, kamasi na machozi pamoja, na mkono wa kufutia hakuwa nao. Aliendelea kuzungusha mpaka boti ikapanda yote kwenye trela.